Bibi wa Pasi na Waraka wa Ukutani

Kabla hajaipokea nguo, aliinusa. Aliishika mabegani, akaisogeza puani taratibu, kisha akakwambia ilikotoka. "Hii imekwenda Maskati," alisema, "na aliyeivaa alikaa na mtu anayevuta sigara." Siku moja aliinusa kanzu ya mume wangu, akanitazama juu ya miwani. "Hii imelala sandukuni, siyo kabatini. Mmegombana?" Tulikuwa tumegombana, na sanduku lilikuwa tayari mlangoni.

Mtaani kwetu Ibra tulimwita Bibi wa Pasi. Jina lake nalijua, na la baba yake, na la babu yake, maana Oman mtu hutajwa kwa mnyororo mzima. Nayaacha yote. Mwenyewe ukimuuliza asili yake alijibu, "Mimi nimetoka jikoni sasa hivi," na wageni walicheka wakidhani ni mzaha. Mimi pia nilidhani hivyo, kwa muda mrefu mno, wala si jambo la kujisifia.

Nilihamia jirani naye mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikifundisha Kiingereza skuli ya wasichana. Wazee wangu ni Waomani wa Bujumbura, na huko nilisomeshwa kwa Kifaransa tangu darasa la kwanza. Yeye alikuwa wa Unguja mjini. Siku ya kwanza nilimwamkia, nikamwambia nimeleta nguo za kupasi. Aliitikia "Marahaba, mwanangu," halafu akaongeza, "Lakini nguo haipasiwi. Hupigwa pasi. Huko bara mliziacha wapi herufi zenu?" Kwa miaka kumi na saba hakuchoka kunirekebisha, na mimi sikuchoka kukosea.

Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya ua, zamani kikiwekwa chakula cha mbuzi. Alikuwa na pasi mbili za makaa, ambazo alizitia sandukuni alipoondoka Unguja wakati wenzake wakificha dhahabu. Mwanawe mkubwa, mtu mwenye cheo wizarani, alimnunulia pasi ya umeme. Akaipeleka kwa dobi wa Kihindi karibu na kituo cha petroli, akamwambia, "Chukua wewe, una haraka." Usidhani alichukia mashine. Ya kufulia aliipenda, akaifumia kitambaa cha kuifunika, na ikizunguka alikaa mbele yake na kikombe cha kahawa akiitazama mpaka ikome.

Uso wa pasi aliusafisha kwa jani la mgomba aliloletewa kutoka mashambani kwenye falaji, mfereji wa maji. Maji aliyanyunyiza kwa vidole. Madobi wa mjini hupuliza kwa mdomo, naye alilisema hilo kama mtu anayetaja dhambi: "Mate ya mtu hayaingii kwenye kanzu ya kusalia." Hakuchukua chochote kwa kazi yake isipokuwa makaa, na makaa yenyewe ilibidi yawe makavu. Mwanawe aliona haya mamake kupigia jirani pasi. Alikuja mara kwa mara kumwomba aache. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akampa chai, kisha akamwambia avue kanzu yake maana kola imelala.

Kazi yake ilikuwa na sheria tatu. Ya kwanza ni uzi. Kila mwenye nguo alikuwa na alama yake ya uzi mwekundu ndani ya kola. Yangu ilikuwa mishono miwili mirefu na mmoja mfupi. Ya mwanawe mkubwa ilikuwa mshono mmoja tu, na ya imamu ilikuwa duara dogo. Uzi aliununua soko la wanawake la Jumatano, ambako aligombana na muuzaji yule yule kila wiki na kuulizia hali ya watoto wake kila wiki.

Ya pili ni doa. Likikataa kutoka, hakulificha katika mkunjo. Alikunja nguo doa likae juu kabisa, ili mwenyewe alione kabla ya kitu kingine. "Mimi si mganga," alisema. "Doa lako hilo, chukua." Wengine walikasirika, wakaenda kwa Mhindi, wakarudi.

Ya tatu sikuielewa. Dukani mashati hukunjwa mikono kwa nyuma. Bibi wa Pasi aliilaza mikono mbele, kifuani, kila nguo, hata ya mtoto. Nilipomwuliza sababu alisema, "Ndivyo inavyokunjwa." Mara moja nilimsaidia, nikairudisha mikono nyuma kwa mazoea. Akainyakua ile nguo, akaifungua na kuanza upya mbio mbio, yeye asiyejua haraka. Sikupata kumwona hivyo tena.

Sasa waraka. Katika majlisi ya mwanawe, chumba cha kupokelea wageni, ukutani, mkabala na mlango, palikuwa na karatasi ya Kifaransa ndani ya fremu ya dhahabu. Ilikuwa na mhuri, na mwandiko wa wino uliogeuka hudhurungi. Upande wetu wa Sharqiyah hahitaji mtu kuelezwa maana yake. Manahodha wa Sur zamani walichukua nyaraka na bendera kwa Wafaransa, na nyumba yenye karatasi kama ile ni nyumba ya nahodha. Basi ukoo ukasema: huu ni waraka wa babu yetu aliyekuwa na chombo chake Nosibe, kisiwa kidogo kando ya kile kikubwa cha Bukini, Wafaransa walipoanza kukaa huko. Mwanawe aliwaonyesha wageni, halafu akamalizia kwa methali, "Mwacha asili ni mtumwa." Mama yake alipoisikia hiyo aliondoka kwenda kuangalia makaa.

Sikukuu moja ya Idi tuliingia majlisi, wanawake na watoto, kuwaamkia wazee. Mwanawe akaniita. "Ya ustadha, wewe si unasoma Kifaransa? Taali, tusomee babu yetu."

Nikasogea. Mwandiko ulisomeka bila shida. Palikuwa na jina moja la mwanamke. Mahali pa jina la baba pamepigwa mstari. Umri, kiasi cha miaka ishirini. Kazi, dobi. Hali, huru. Chini yake sahihi ya karani na mhuri wa kituo cha Wafaransa cha Nosibe. Hapakuwa na nahodha wala chombo. Nyuma yangu watu wasiopungua kumi walikuwa wakingoja, vikombe mkononi.

"Mwalimu," sauti ya Bibi wa Pasi ikaja kutoka mlangoni, "kahawa yako inapoa."

Nikasema kioo kinang'aa na wino umefifia, ila ni waraka wa serikali, hilo halina shaka. Wote wakaridhika. Mwanawe alinitazama kidogo zaidi ya wengine, akanisogezea halua.

Asubuhi yake Bibi akaniita chumbani kwake. Pasi ilikuwa tayari ina moto, lakini hapakuwa na nguo mezani.

"Umeusoma."

"Nimeusoma, Bibi."

"Basi nisomee na mimi. Naujua kwa kuhadithiwa tu. Hajatokea mtu wa kunisomea tangu nizaliwe."

Nikamsomea kwa kumbukumbu, neno kwa neno, kwa Kiswahili. Nilipofika kwenye mstari wa jina la baba aliinamisha kichwa. Nilipofika kwenye kazi alinishika mkono.

"Wameandika dobi? Wallahi?"

"Wameandika."

"Alhamdulillahi. Nikidhani wamemwandika mtumishi tu." Alifurahi kama mtu aliyeletewa habari ya msafiri kuwa amefika salama. Kisha akachukua kanzu, akaanza kazi, na akiwa kazini ndipo akanihadithia. Tangu siku hiyo nilikuwa nikiupata mkasa huo vipande vipande, kila kipande na nguo yake.

Aliyeandikwa pale alikuwa mama wa bibi yake. "Aliletwa Nosibe mtoto, kifua hakijatoka. Kwao bara ya Wamakua, hakukumbuka mto wala mji. Njia nzima alifungwa mikono nyuma. Alipokuja kuwa mtu mzima hakutaka kuona nguo imekunjwa mikono nyuma, na binti yake akakatazwa, na mama yangu, na mimi." Aliyemnunua ni tajiri wa kisiwani. "Mwarabu, wa kwetu sisi sisi. Usinitazame hivyo, mwanangu. Ungetaka awe nani?"

Wafaransa walikuwa wamejenga juu ya kilima, na ghala zao na hospitali yao. Tajiri yule alimpeleka kwa askari awafulie, ujira ukabaki kwa tajiri. Mashati yalikuwa ya namna moja, na namba za wino zilitoka kwa sabuni. Yeye kusoma hajui, basi akabuni alama za uzi mwekundu. Askari mmoja akamsingizia kuwa ameiba shati lake. Akaitwa mbele ya mkubwa wao. Akaomba mashati yote yaletwe, akazigeuza kola moja moja, akamtaja kila mwenyewe kwa mishono yake, mpaka akafika kwenye la mlalamishi, ambalo lilikuwa limevaliwa na mkubwa mwenyewe. Hapo Bibi wa Pasi alicheka kila mara, kila aliposimulia, mpaka akakohoa.

Wafaransa walipotangaza kuwa hapana tena utumwa pale, watu walipanga mstari mbele ya meza ya karani. Akaulizwa jina la baba yake, akanyamaza. Akaulizwa kazi, akasema, nafua na kupiga pasi. Waraka aliopewa aliupitishia pasi ya vuguvugu baina ya vitambaa viwili kila mwaka. "Ndo maana mpaka leo haujakunjamana," Bibi alisema.

"Na nahodha?"

"Nahodha! Aliyemwoa alikuwa Msuri, kweli, na nahodha wake alikwenda Nosibe kutafuta bendera, kweli. Yeye akitumwa kupeleka kanzu ya bwana wake ikapigwe pasi, na huko ndiko alikomwona. Huyo ndiye nahodha wa ukutani. Alikuwa akipika wali chomboni."

Nikamwuliza uongo ulianzia wapi. Hakuchukizwa. Bibi yake, alipotakwa kuolewa Unguja, alisema ule ni waraka wa chombo. Akaolewa. Mama yake akasema vivyo hivyo, akaolewa. Yeye mwenyewe hakusema neno, alinyamaza tu wengine wakisema, naye akaolewa na mtu wa Ibra mwenye mashamba. "Sasa wameufikisha kwenye dhahabu," alisema.

Hiki ndicho nilichokiona kigumu kwake. Mtu aliyeweka juu doa la kila nguo ya mtaa aliliacha la kwake nyuma ya kioo. Nilimwambia hivyo siku moja, kwa adabu. Akanijibu, "Nguo hiyo si yangu peke yangu," akaendelea na kazi.

Miaka ikapita. Mjukuu wake, binti wa mwanawe mkubwa, akawa mwanafunzi wangu, msichana mwenye akili na kicheko cha ghafla, kisha akaenda chuo, kisha akatakwa na watu wa Nizwa. Kijana alikuwa mwema na walipendana, kwa jinsi watu wanavyoruhusiwa. Lakini upande wa kijana palikuwa na mzee mmoja aliyeshika mambo ya asili, naye akasema amesikia habari za waraka na angependa kujua unasemaje. Hapa kwetu posa huvunjika kwa jambo dogo kuliko hilo, na huvunjika kwa upole: watu husema hapana nasibu, wananywa kahawa na kwenda zao.

Mwanawe akaja kwangu na nakala na kalamu. "Ustadha, niandikie kwa Kiarabu. Ukurasa mmoja, khalas."

"Niandike kilichomo?"

Akaisogeza kalamu mbele yangu. "Sikukuuliza kilichomo," akasema. "Nakuomba uandike tunachokijua." Ndipo nikafahamu kuwa naye alikuwa akijua.

Nikaenda kwa Bibi. Alikuwa akiipiga pasi kanzu ya imamu, hakusimama.

"Andika kilichoandikwa," alisema. "Mpe mtoto mwenyewe asome mwanzo, halafu waraka uende Nizwa. Wanawake watatu tumeolewa kwa jina la nahodha huyo. Inatosha."

"Na wakimwacha, Bibi?"

"Wakimtaka na doa lake, ameolewa. Wakimtaka bila ya doa, ameazima nguo. Na nguo ya kuazima haisitiri matako."

Nilirudi nyumbani nikaandika. Niliandika kuwa huu ni waraka waliopewa jamaa wa nahodha wa Sur na serikali ya Wafaransa huko Nosibe, kwa heshima, na nikatia tarehe na jina langu. Binti sikumwonyesha. Nilijiambia namhurumia, na ni kweli nilimhurumia. Lakini zaidi niliogopa kuwa mtu aliyevunja posa ya watu. Naona haya mpaka leo.

Harusi ilikuwa nzuri. Baba akampa binti yake ile fremu kama zawadi, ikatundikwa Nizwa katika majlisi ya wakwe. Kanzu ya bwana harusi aliipiga pasi Bibi mwenyewe, na siku hiyo alikula, akapiga vigelegele, hakusema na mimi jambo lolote lisilo la kawaida.

Wiki iliyofuata nguo zangu zikarudi. Zilikuwa zimenyooka kama siku zote, mikono mbele. Nikageuza kola. Uzi mwekundu haukuwepo. Nikadhani amesahau. Wiki baada ya wiki, kila nguo iliyokwenda kwake ilirudi imefumuliwa alama, kwa uangalifu, pasipo tundu, mpaka kabati zima likawa la mtu asiyejulikana. Hakunieleza na mimi sikumwuliza. Aliendelea kuninusia nguo, kunirekebisha Kiswahili na kuniletea mkate wa kumimina Ijumaa. Ilikuwa hivyo kwa miaka sita hivi.

Mara ya mwisho nilimwona baada ya alasiri, karibu na mwisho wa muongo wa kwanza wa miaka ya elfu mbili. Alikuwa hainuki tena, na macho yalikuwa yamekwenda. Mjukuu alikuwa amekuja kutoka Nizwa kumwuguza, na mtoto wake wa miezi saba. Nikaingia na kutoa shikamoo.

"Marahaba. Umetoka skuli," akasema Bibi. "Unanuka chaki. Kaa."

Nikakaa, nikampakata mtoto. Tukazungumza habari za mvua. Kisha Bibi akasema, kwa sauti ile ile, "Mwalimu, nisomee ule waraka."

"Waraka iko Nizwa, Bibi," mjukuu akasema. "Fi l-majlis, kwa ami." Ndivyo alivyomwita baba mkwe wake.

"Yeye anaujua. Nisomee, mwanangu. Kama siku ile."

Nikamtazama mjukuu. Alikuwa akimkunjia bibi yake mto, hana habari. Ningeweza kusema nimesahau, na kwa umri wangu ningesadikiwa. Bibi alikuwa amegeuza uso upande wangu akingoja.

Nikasoma. Jina moja la mwanamke. Jina la baba, mstari. Umri, kiasi cha miaka ishirini. Kazi, dobi. Hali, huru. Mhuri wa Nosibe.

"Ahsante," akasema Bibi.

Mjukuu aliuacha mto. "Nani huyo?" akaniuliza, na kabla sijajibu akageuka kwa bibi yake, kwa sababu hakuwa mjinga tangu darasani. Bibi akamwambia kwa maneno machache. Mimi nikaongeza sehemu yangu: kwamba nilitakiwa kumpa yeye asome mwanzo, nami nikaandika uongo nikatia jina langu. Alisikiliza yote akiwa amesimama.

"Baba anajua?"

"Muulize baba yako," akasema Bibi.

Mtoto akachagua wakati huo kunitapikia maziwa, bega zima la abaya yangu mpaka mkononi. Mjukuu akamchukua. Hakuwa na tabasamu. "Vua, Mwalimu," akasema. "Acha, nitafua mimi." Akanipa abaya yake nivae kwendea nyumbani. Bibi, aliyesikia msukosuko wa nguo, akasema, "Nguo ya kuazima..." akaishia hapo, na nikaona midomo yake inacheza.

Mlangoni mjukuu alinishika. "Hiyo dobi, kwa Kifaransa wanasemaje?" Nikalitamka. Akalirudia mara tatu, vibaya, halafu vizuri. "Kila mgeni akija, ami anamuonyesha," alisema. "Na mimi naleta kahawa, nasimama pale pale chini yake." Nikamwuliza atafanya nini. "Sijui, Mwalimu. Siku moja nitawasomea. Siyo leo."

Bibi wa Pasi alifariki siku tisa baadaye. Tulimsitiri Ibra, na mwanawe alilia bila ya kuficha.

Baada ya matanga yeye ndiye aliyekuja mlangoni kwangu na kifurushi. "Amana yako, ustadha, kutoka kwa binti," alisema, akaondoka bila ya kukubali kahawa.

Ilikuwa abaya yangu. Palipotapikiwa palikuwa pasafi. Karibu na pindo palikuwa na doa jipya la kuungua, umbo la ncha ya pasi ya makaa, na binti alikuwa amelikunja likae juu kabisa, kitu cha kwanza nilichokiona. Mikono ilikuwa mbele. Ndani ya kola palikuwa na uzi mwekundu. Alianza na mfupi, kisha mirefu miwili, kinyume na alama yangu. Bibi yake angeufumua. Mimi naivaa hivyo hivyo.